Kengele, mstari au sahani: uchague kipimo gani kwa mgonjwa anayepuuza upande mmoja

Ukiwa na karatasi moja na dakika tano tu, usimpe mgonjwa mstari augawe katikati. Mpe karatasi ya kengele, ile yenye picha nyingi zilizochanganyika ambamo anatafuta picha za kengele. Hilo ndilo jibu langu fupi, na mwenye haraka ya kurudi wodini anaweza kuishia hapo. Mwenye nafasi aendelee, kwa sababu hali tunayoipima ina sura kadhaa, na kila kipimo huona baadhi ya sura hizo na kuziacha nyingine. Kuchagua vibaya kuna gharama yake: mgonjwa anaandikiwa kuwa yuko sawa, anaruhusiwa kwenda nyumbani, halafu anaunguza mkono wa kushoto jikoni bila habari kwamba ulikuwa juu ya jiko.

Tuelewane kwanza. Mtu amepata kiharusi, au ameumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, au ana uvimbe kichwani, na mara nyingi sehemu iliyoathirika ni nusu ya kulia ya ubongo. Macho yake yenyewe hayana kasoro. Ila chochote kilicho upande wa kushoto ni kama hakimhusu. Anaitikia salamu ya aliyesimama kulia mwa kitanda na kumpita aliye kushoto, anamaliza ugali wa upande wa kulia na kulalamika kwamba mboga hakuwekewa, ananyoa shavu moja. Nusu ya kushoto ya ubongo ikiumia, hali hiyohiyo inaweza kutokea kwa upande wa kulia, lakini kwa kawaida huwa nyepesi na hupungua mapema. Humu nitaiita kupuuza upande, na nitachukulia kwamba upande wenyewe ni wa kushoto.

Ndugu wengi hudhani mzee amekuwa mkaidi, au macho yameharibika, au akili imeyumba. Mgonjwa naye hatakusaidia, maana wengi hawajui kabisa kwamba kuna kitu wanakosa. Ukimuuliza "Unaona vizuri, baba?" atakujibu naona vizuri, na hakudanganyi.

Kugawa mstari

Mvuto wa kipimo hiki unaeleweka. Hakihitaji kununua chochote: karatasi ya A4 iliyolazwa, mstari wa sentimita 20, kalamu na rula. Mgonjwa anaweka alama pale anapoona ndipo katikati. Anayepuuza kushoto huiweka kulia mwa katikati, mara nyingine karibu kabisa na ncha. Alama ikiwa sentimita 13 kutoka ncha ya kushoto badala ya 10, amepotoka sentimita 3 katika 10, yaani asilimia 30 kwenda kulia. Namba safi, inaingia kwenye faili vizuri, na daktari anaipenda.

Tatizo ni kwamba huwaacha wengi. Mwaka 2001 Susanne Ferber na Hans-Otto Karnath, huko Tübingen, Ujerumani, waliwapa wagonjwa walewale wenye kupuuza upande mistari pamoja na karatasi za kutafuta alama. Mstari uliwakosa asilimia 40 yao. Kengele na herufi ziliwakosa asilimia 6 tu. Kwa mtu anayetegemea kipimo kimoja, tofauti hiyo si ndogo.

Tena namba ile safi inayumbishwa na mambo mengi. Urefu wa mstari ni mojawapo: Peter Halligan na John Marshall walionyesha mwaka 1988 kwamba mgonjwa anayepotoka kulia kwenye mstari mrefu anaweza kupotoka kushoto kwenye mstari mfupi sana. Watu wazima wasio na ugonjwa wowote nao hawagawi katikati kamili. Huelekea kushoto kidogo. Na hata huko kuelekea kushoto kunategemea umezoea kusoma ukianzia wapi. Mwaka 1993 Sylvie Chokron na Michel Imbert waliwalinganisha wasomaji wa Kifaransa na wa Kiebrania, lugha inayoandikwa kutoka kulia, na kila kundi lilipotoka kwa upande wake. Kwetu pwani, ambako wako wazee waliosoma chuoni tu, yaani chuo cha Kurani, na hawakukanyaga shule ya serikali, hili la mwelekeo wa kusoma si la kupuuzwa, na nitalirudia kwenye kengele.

Sasa mbona nisiutupe mstari kabisa? Kwa sababu una kazi moja ambayo huifanya vizuri kuliko vipimo vingine: kutofautisha kupuuza upande na upofu wa nusu. Mwenye upofu wa nusu ya kushoto hapuuzi. Hapati picha tu kutoka upande huo, na kwa kuwa analijua pengo lake, hugeuza kichwa kutafuta. Mpe mstari, na mara nyingi atakosea kuelekea kushoto, upande ule asiouona. Anayepuuza hukosea kulia. Daktari akiwa na shaka kati ya haya mawili, mstari wa sentimita 20 una thamani. Ukomee hapo.

Kutafuta na kukata alama

Hapa ndipo penye uzito, na ndani yake kuna chaguo kadhaa ambazo watu huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja.

Kongwe na maarufu ni ya Martin Albert, ya mwaka 1973. Ni mistari mifupi iliyotawanywa kwenye karatasi, na mgonjwa anakata yote. Ubora wake ni kwamba haina cha kusoma wala cha kutambua, hata aliyelegea siku ya pili baada ya kiharusi anaiweza. Udhaifu ni uleule: hakuna cha kumchanganya, kwa hiyo mwenye tatizo la wastani anapita. Mimi huitumia kwa mgonjwa mzito tu, yule ambaye karatasi yenye picha nyingi itamchosha kabla hajaanza. Akiacha mistari ya kushoto hata kwenye karatasi rahisi namna hii, huhitaji ushahidi zaidi siku hiyo.

Nyota ni hatua ya juu. Imo katika betri, yaani seti ya vipimo, ya Uingereza iitwayo Behavioural Inattention Test, iliyotolewa mwaka 1987 na Barbara Wilson, Janet Cockburn na Peter Halligan, na ambayo wengi huifupisha BIT. Nyota ndogo 56 zimechanganywa na nyota kubwa, herufi na maneno mafupi. Mbili za katikati ni za kumwonyesha mgonjwa mfano, kwa hiyo alama kamili ni 54, na aliyepata 51 au chini anahesabiwa kuwa na tatizo. Kipimo kizuri, ila yale maneno ni ya Kiingereza. Hayazuii kazi, lakini asiyejua kusoma huanza kujitetea: "Mwanangu, mimi sikusoma." Inakupasa umtulize kwanza kwamba herufi aziache, atafute nyota tu.

Karatasi ya herufi, ambapo mgonjwa anakata kila E na R, nimeiacha kwa wasomi. Kwa wengine unapima elimu, hupimi ubongo.

Kengele ndiyo ninayoipendekeza. Ilitengenezwa Montreal na Louise Gauthier, François Dehaut na Yves Joanette, ikachapishwa mwaka 1989. Kengele 35 zimo kati ya picha 280 za vitu vingine, zote nyeusi tii. Mgonjwa anaona vurugu, lakini mpimaji anajua kuna safu 7 zilizofichwa, kila moja na kengele 5: safu tatu kushoto, moja katikati, tatu kulia. Akikosa kengele 6 au zaidi kwenye nusu moja ya karatasi, kuna dalili ya kupuuza upande huo. Zilizokosekana zikirundikana kushoto, una jibu la upande.

Namna ya kuifanya ina maana sawa na karatasi yenyewe. Mgonjwa aketi wima, miwani ikiwa anayo aivae. Karatasi iwe mbele ya kifua chake katikati kabisa, ibandikwe na selotepu, kwa sababu wengi huivuta kulia bila wewe kuona na kipimo kikaharibika. Wewe keti mkabala naye, usikae upande, ukiwa na karatasi yako ya kufuatia. "Mzee, hapa kuna picha nyingi zimechanganyika. Zungushia kila kengele unayoiona. Ukimaliza niambie." Kila anapozungusha, andika namba kwenye karatasi yako: ya kwanza 1, ya pili 2, kuendelea. Akisema amemaliza, unamuuliza mara moja tu kama ana hakika, aangalie tena. Hapo hapo utaona jambo ambalo alama hazisemi: anarudi, anakagua kwa bidii, na anakagua upande uleule wa kulia.

Kabla ya kuanza mwonyeshe kengele inavyofanana. Si wote wanaoijua ya kimchoro. Shule nyingi zilikuwa na rimu ya gari imening'inizwa mwembeni, na hiyo ndiyo kengele ambayo mama wa kijijini anaikumbuka.

Zile namba za mfuatano ndizo zinazonifanya niiweke kengele mbele ya nyota. Philippe Azouvi na wenzake wa Ufaransa waliwapima wagonjwa 206 wenye kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, wakachapisha mwaka 2002. Katika vipimo vyote vya karatasi na kalamu, kilichogundua wagonjwa wengi kuliko vingine ni mahali mgonjwa anapoanzia, kuliko hata idadi ya alama alizokosa. Aliyezoea kusoma kutoka kushoto huanza kona ya juu kushoto. Mgonjwa anayepuuza huanzia kulia, hata kama mwishowe atazipata kengele karibu zote.

Na hapa ndipo ninaporudi kwa yule mzee wa chuoni. Aliyesoma msahafu maisha yake yote anaweza kuanzia kulia akiwa mzima wa afya. Asiyesoma kabisa anaweza kuanzia popote. Kwa hiyo uliza historia ya masomo kabla ya kutafsiri namba 1 iko wapi, na kwa mzee wa aina hiyo tegemea zaidi hesabu ya zilizokosekana kushoto ukilinganisha na kulia.

Kuna tofaa pia. Karatasi hii ilitengenezwa na kundi la Birmingham likiwa na Glyn Humphreys na wenzake, na inapima kitu ambacho kengele haiwezi. Kuna tofaa 50 nzima na 100 zenye pengo, ama kushoto ama kulia mwa tofaa lenyewe. Mgonjwa anakata zile nzima tu. Anayepuuza upande wa kushoto wa karatasi ataacha tofaa zote za huko. Lakini kuna mwingine anayezunguka karatasi nzima, kushoto na kulia, akikata kwa makosa zile zenye pengo la kushoto, kwa kuwa kila kitu anachokitazama hukosa nusu yake ya kushoto. Hao ni wagonjwa wawili tofauti. Wa pili anaweza kupita kengele bila shida, kisha akaenda dukani akasoma bei ya 12,500 kuwa 2,500. Mwalimu, mhasibu, wakala wa pesa za simu: kama kazi yake ni namba na maandishi, kengele haitoshi, ongeza tofaa. Oxford Cognitive Screen, iliyochapishwa mwaka 2015, ina toleo fupi la wazo hilihili kwa kutumia mioyo. Inachukua kama robo saa nzima pamoja na mambo mengine ya kumbukumbu na lugha, na ilitungwa kwa kufikiria hata waliopoteza usemi.

Michoro

Saa, ua, nyumba yenye miti pembeni. Sitakaa sana hapa. Mchoro hutegemea shule, mkono na kupanga mambo kichwani, kwa hiyo saa mbovu inaweza kuwa ya kupuuza upande au ya kitu kingine kabisa. Saa ina balaa lake la ziada kwetu: ukimwambia mgonjwa aweke mishale saa tano na dakika kumi, mshale mfupi unatakiwa kwenye 11, na aliyejifunza saa kwa kusikia bila kuisoma ukutani anaweza kuupeleka kwenye 5. Usimhukumu. Mpe duara tupu ajaze namba, mishale iache.

Nauthamini mchoro kwa kazi nyingine. Mke wa mgonjwa akiona duara lenye namba zote 12 zimesongamana kulia na kushoto kweupe, anaelewa papo hapo kile ambacho maneno yako yalishindwa kumweleza.

Sinia

Kipimo hiki hakijulikani sana kwetu, na ndicho ambacho kingetufaa. Kerstin Tham na Ragnar Tegnér wa Sweden walikichapisha mwaka 1996. Mgonjwa anapewa vipande 16 vya mbao vyenye umbo la mchemraba, upana wa sentimita 3.5, na ubao wa sentimita 75 kwa 100. Anaambiwa avipange kwa kuvieneza ubao mzima, kama mikate midogo inayosubiri kuingia tanurini. Mzima hupata vinane kushoto na vinane kulia, au saba kwa tisa. Ikizidi hapo, kushoto kukiwa na vichache, ni dalili. Anayepuuza sana huvirundika vyote kulia, vingine juu ya vingine.

Hakuna kusoma, hakuna kalamu, hakuna picha ya kutambua. Mama yeyote aliyewahi kupanga maandazi sinia nzima yakisubiri kuumuka anaelewa kazi bila maelezo ya pili. Seremala anakutengenezea vipande kwa bei ya soda chache. Faida nyingine ni kwamba mgonjwa hakariri: ukirudia baada ya muda, hakuna majibu ya kukumbuka, tofauti na karatasi ambayo akiifanya mara kadhaa anajua kengele ziko wapi. Angalizo moja: usitumie sinia la duara. Ile hesabu ya saba kwa tisa ilipatikana kwenye ubao wa mstatili, na duara hubadilisha nafasi ya pembeni.

Hakikuambii mengi kuhusu aina ya kupuuza. Kinakuambia kupo au hakupo, na kwa mgonjwa asiyesoma hilo ni jambo kubwa.

Kumtazama akiishi

Hivi vyote hapo juu vinafanyika mezani, kwa utulivu, mgonjwa akiwa ameambiwa atafute. Maisha hayamwambii atafute. Ndiyo maana kuna anayepata kengele 33 kati ya 35 asubuhi, kisha anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto akirudi kitandani.

BIT ilijaribu kuziba pengo hilo kwa sehemu ya pili yenye kazi tisa za kila siku: kupiga simu, kusoma menyu, kupanga sarafu, kunakili anwani na kadhalika. Kwa Uingereza ya 1987 ni sawa. Kumkalisha mzee wa Kilwa mbele ya menyu ya mgahawa na kudai umepima maisha yake ya kila siku ni kujidanganya.

Skeli ya Catherine Bergego, iliyotoka Ufaransa, inafaa zaidi kwa kuwa haileti kazi mpya. Inatazama zile anazozifanya. Mambo ni 10: kujiosha na kunyoa upande wa kushoto wa uso, kuvaa mkono wa kushoto wa nguo au kiatu cha kushoto, kula cha kushoto mwa sahani, kufuta kinywa upande wa kushoto baada ya kula, kutazama kushoto, kuukumbuka mkono na mguu wa kushoto, kuitikia anayeita kutoka kushoto, kutogonga vitu, kujua njia ya mahali alipopazoea, na kupata vitu vyake vilivyowekwa kushoto. Kila moja inapewa 0 hadi 3. Jumla ya 1 hadi 10 ni nyepesi, 11 hadi 20 ya wastani, 21 hadi 30 kali. Mgonjwa naye anajipa alama zake, na tofauti kati ya zako na zake inaonyesha ni kiasi gani haitambui hali yake. Azouvi na wenzake waliona kwamba kumtazama hivi kunagundua zaidi ya kipimo chochote kimoja cha karatasi. Kessler Foundation ya New Jersey, Marekani, iliandika maelekezo ya kina ya namna ya kuyatazama mambo hayohayo 10 ili watu wawili wasitoe alama tofauti. Utayakuta kwa jina la KF-NAP.

Lakini usiibebe kichwa kichwa. Chukua lile la sahani. Familia nyingi za pwani hula sinia moja, na adabu ni kila mtu kula mbele yake. Mgonjwa asiyegusa wali wa kushoto huenda anaheshimu sehemu ya shemeji yake. Mpakulie peke yake kwenye sahani, weka samaki kushoto, kaa utazame. Lile la kiatu, tumia ndala. Lile la nguo, kwa mama mwenye khanga tazama anavyoifunga, maana pindo la kushoto huburuza chini bila yeye kujua.

Kwa Mwislamu kuna dirisha zuri, ikiwa mwenyewe na familia wameridhia. Wudhu una mpangilio usiobadilika: mkono wa kulia kisha wa kushoto, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Aliyefanya hivyo maisha yake yote kisha anaosha kulia mara tatu na kuinuka, anakuonyesha kitu. Hata salamu ya mwisho wa swala, kichwa kinageuka kulia, je, kinageuka kushoto? Hakuna alama rasmi za jambo hili na usizibuni. Liandike kwa maneno kwenye faili, chini ya kujiosha na kutazama kushoto.

Kosa la kawaida zaidi kwenye skeli hii ni kuchanganya kupooza na kupuuza. Mkono wa kushoto ukiwa umepooza hauvai shati, hilo halina ubishi. Swali ni kama anaukumbuka. Anayeushika kwa mkono wa kulia na kuuingiza kwenye shati anaujua. Anayefunga vifungo huku mkono wa kushoto uko nje, na kusema amemaliza kuvaa, haujui.

Gharama ya skeli ni muda. Unahitaji kumwona mtu akioga, akila na akitembea, na mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo mwenye wodi nzima hana asubuhi hiyo. Kwetu ndugu ndiye anayelisha na kuosha, kwa hiyo mkalishe dada au mke, umpitishe mambo 10 kwa lugha ya nyumbani, kisha hakiki mawili matatu kwa macho yako.

Siku za kwanza kitandani

Mgonjwa wa saa 24 za mwanzo hawezi kengele wala skeli. Hapo kuna kidole: simama mbele yake, inua mikono yako miwili, tikisa kidole cha kushoto, cha kulia, kisha vyote kwa pamoja, naye aseme kilichotikisika. Anayeona kila kimoja peke yake lakini anakosa kilicho kushoto kwake vikitikiswa pamoja, andika. Hii imo kwenye NIHSS, skeli ya hospitali ya kupima ukali wa kiharusi, kipengele cha 11. Jihadhari usiridhike na jumla ya NIHSS: katika alama 42, kupuuza kunapewa 2 tu, wakati lugha ina takriban 7. Kiharusi kikubwa cha upande wa kulia kinaweza kuonekana kidogo kwenye karatasi hiyo.

Basi nani apewe nini

Aliyelegea wodini: kidole, halafu mistari ya Albert akishaweza kuketi. Mtu aliyesoma, anayeketi vizuri: kengele, na uandike mfuatano. Asiyesoma: ubao na vipande 16, kengele ikifuata kama ana nguvu. Anayeishi kwa namba na maandishi: kengele na tofaa. Daktari anashuku upofu wa nusu: ongeza mstari. Anayekaribia kuruhusiwa: skeli ya Bergego, hata kama karatasi zote zimetoka safi, na hasa zikitoka safi.

Mmoja nimemwacha makusudi, dereva. Karatasi zote hizi ziko umbali wa mkono. Mwaka 1991 Halligan na Marshall walieleza mgonjwa aliyepuuza vikali kwenye karatasi ya karibu lakini si kwenye vitu vya mbali, na wapo waliokuwa kinyume chake. Zaidi ya hayo, mwenye tatizo dogo hulifidia akiwa na kazi moja, na linarudi akipewa kazi mbili kwa pamoja, na kuendesha gari ni kazi kumi kwa pamoja. Tanzania, Kenya na Uganda gari hupita kushoto, kwa hiyo kushoto mwa dereva ndiko kwenye waenda kwa miguu, vituo vya daladala na bodaboda zinazochomoza. Asirudishiwe usukani kwa sababu ya kengele 35 kati ya 35. Apimwe kwa umbali, apimwe akitembea sokoni huku unamsemesha, kisha aende na mwalimu wa udereva kwenye gari lenye breki mbili, barabara tulivu kwanza.